Bambo Halifiki Kila Punje

Masika yakishika, si ajabu katika nyumba ya Wete au Mkoani, kisiwani Pemba, mtu akafungua ndoo ya njugu aliyoiweka tangu kabla ya mvua, akakuta baadhi yake zimevaa unga wa kijani chenye umanjano na nyingine zimesinyaa na kubadilika rangi. Atakachokifanya tunakijua, kwani wengi wetu tumewaona mama zetu wakikifanya: atazimwaga katika ungo, atazichambua, atazianika uwani jua likitoka, kisha atazikaanga kwa chumvi au atazipika. Kuchambua, kuanika na kupika tumezoea kuyahesabu kuwa dawa moja yenye hatua tatu. Kwa wanaotafiti sumu za kuvu, kila hatua ina uzito wake. Ya kwanza ina nguvu kuliko watu wanavyodhani, ya pili inazuia madhara yajayo lakini haifuti yaliyokwisha kutokea, na ya tatu ni dhaifu kuliko tunavyoamini. Kuchemsha kwa maji hakuiondoi sumu hiyo, kwa kuwa inastahimili joto kubwa kuliko la maji yanayochemka. Kukaanga njugu huipunguza kwa kiasi fulani, lakini hakuimalizi.

Sehemu ya mkanganyo inatokana na maneno. Tunasema chakula kimeingia ukungu tukimaanisha ule utandu tunaouona, uwe wa kijani, mweusi au mweupe. Utandu huo ni mwili wa kuvu, kiumbe hai ambacho mbegu zake, nyepesi kuliko vumbi, zimo katika udongo, katika kuta za ghala na katika hewa tunayoivuta. Sumukuvu, neno ambalo siku hizi mabwana shamba na wataalamu wa afya wa Unguja, Pemba na Bara wanalitumia kila mara, si ukungu wala si kuvu, bali ni kemikali ambazo baadhi ya kuvu huzitengeneza ndani ya punje zikipata joto na unyevu unaozifaa. Kuvu nyingi hazitengenezi sumu ya kumdhuru mtu. Wajapani hutumia kuvu iitwayo Aspergillus oryzae katika kutengeneza mchuzi wa soya, na kuvu hiyo ni ndugu wa karibu kabisa wa Aspergillus flavus, ambayo ndiyo mshitakiwa mkuu wa makala haya. Kwa hiyo chakula chenye ukungu si lazima kiwe na sumu. Hatari iko upande wa pili: kuvu ikishaitoa sumu yake inaweza kufa kwa ukavu, ikapanguswa na kupeperuka, ikaiacha sumu peke yake ndani ya punje inayoonekana nzima, bila rangi, harufu wala ladha ya kumzindua mlaji. Ule uchungu wa njugu mbovu unaotufanya tuteme hutokana zaidi na mafuta yake kuharibika, na mtu asiutegemee kuwa mlinzi wake.

Sumukuvu zilizokwisha kutambuliwa ni mamia, ila chache ndizo zinazotajwa sana katika vyakula vyetu. Fumonisini, iliyotambuliwa Afrika Kusini mwaka 1988, hutengenezwa na kuvu za Fusarium, na aghalabu huanza shambani mahindi yakiwa bado juu ya bua. Okratoksini, iliyogunduliwa huko huko Afrika Kusini mwaka 1965, hupatikana katika nafaka, kahawa, viungo na matunda makavu, na hulenga figo. Aflatoksini ndiyo kali kuliko zote na ndiyo iliyotafitiwa zaidi.

Kisa cha kugunduliwa kwake kinaeleza mengi. Mwaka 1960 huko Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa ndani ya miezi michache, na kwa kuwa hakuna aliyekijua chanzo, maradhi yale yakapewa jina la herufi X. Wachunguzi walikifuata nyuma chakula cha ndege hao mpaka wakafika kwenye mashudu ya njugu yaliyoagizwa kutoka Brazili, na ndani yake wakaikuta kuvu ya Aspergillus flavus, ambayo herufi za mwanzo za jina lake ndizo zilizoundia jina la sumu yenyewe. Katika miaka ile ya mwanzo kipimo kilikuwa ni vifaranga vya bata wa siku moja: walilishwa kilichoshukiwa, kisha maini yao yakakaguliwa, kwa sababu ini la kifaranga cha bata huharibika kwa kiasi kidogo mno cha sumu hii. Baadaye ilionekana kwamba sumu ikitenganishwa na kumulikwa kwa mwanga wa urujuanimno inang'aa yenyewe, baadhi yake kwa buluu na nyingine kwa kijani, na ndiyo maana mpaka leo aina zake nne kuu zinaitwa B1, B2, G1 na G2, kwa herufi za mwanzo za majina ya Kiingereza ya rangi hizo. M1 ni ile inayojitokeza katika maziwa ya mnyama aliyekula B1.

Ndani ya mwili, ini ndilo linalopokea pigo. Sumu ikiingia kwa wingi kwa mara moja huua. Mwaka 2004 mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliorodheshwa wagonjwa 317 na kati yao 125 walifariki kwa kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu, na mwaka 2016 katika mikoa ya Dodoma na Manyara watu 68 waliugua na 20 wakafa. Misiba ya namna hiyo husikika, huandikwa na huombolezwa. Madhara makubwa zaidi hayana siku wala kilio: ni ya anayekula kidogo kidogo kwa miaka, ambaye ini lake hujengeka saratani polepole. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limeziweka aflatoksini katika kundi la kwanza, yaani la vitu vilivyothibitika kumsababishia binadamu saratani, na kwa mtu mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B madhara hayajumlishwi bali huzidishwa, kiasi kwamba aflatoksini inaweza kuwa na nguvu mara 30 hivi zaidi ya iliyo nayo kwa asiye na virusi hivyo. Chanjo ya homa ya ini B wanayopigwa watoto wetu kwa hiyo ni kinga dhidi ya sumukuvu pia, ingawa sijawahi kumsikia mtu akiieleza hivyo kliniki.

Upo mfano mmoja kutoka China ambao sisi wala wali tuna sababu ya kuusoma kwa makini. Katika eneo la Qidong, karibu na Shanghai, saratani ya ini ilikuwa ikiua watu kwa wingi usio wa kawaida, na chakula chao kikuu kilikuwa mahindi. Katika miaka ya 1980 mabadiliko ya sera za chakula yaliwawezesha kuhamia kwenye mchele, ambao kwa kawaida hubeba aflatoksini kidogo kuliko mahindi na njugu. Alama za sumu katika miili ya watu zilishuka sana, na vifo vya saratani ya ini vikafuata kushuka hata miongoni mwa watu wazima ambao chanjo haikuwahi kuwafikia. Inaelekea kwamba wali wetu unatupunguzia mzigo ambao ndugu zetu wa baadhi ya mikoa ya Bara wanaubeba kila mlo. Lakini mtoto wa Zanzibar anapoachishwa ziwa mara nyingi hupewa uji wa unga wa mahindi, na siku hizi unga huo huchanganywa na njugu kwa ajili ya lishe. Yaani vyakula viwili vinavyopendwa zaidi na kuvu huwekwa pamoja katika bakuli moja la mtoto mwenye uzito wa kilo nane. Utafiti uliofanywa Iringa, Tabora na Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2015 uliwafuatilia watoto wadogo na kuzikuta aflatoksini na fumonisini kwa pamoja katika miili yao, na kadiri fumonisini ilivyozidi ndivyo ukuaji wao ulivyopungua.

Watafiti waliijua sumu iliyoingia mwilini kwa sababu aflatoksini, ikishabadilishwa na ini, hujishikiza kwenye albumini, protini ya damu, na kubaki hapo kwa miezi miwili mitatu. Tone la damu kwa hiyo husimulia chakula cha msimu mzima. Gunia halina damu, na kulipima gunia ni kazi ngumu kuliko kumpima mtoto.

Kwanza tukiangalie kiasi chenyewe. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki katika mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo moja, na kati ya hizo B1 isizidi 5. Tarakimu hizo hazina sura mpaka mtu azipeleke bandarini. Tuseme jahazi limeshusha magunia 1,000 ya mahindi, kila gunia kilo 100. Gramu moja ya sumu, ambayo ingekaa juu ya ncha ya kijiko cha chai, ikitawanyika sawasawa katika magunia yote 1,000, imeyafikisha yote kwenye mpaka wa sheria. Ulaya hairuhusu zaidi ya mikrogramu 4 katika nafaka za kuliwa moja kwa moja, na Marekani inaruhusu hadi 20. Mlaji ni binadamu yule yule, na tofauti hiyo inaonesha kwamba kiwango ni mapatano baina ya afya na biashara, wala si mstari ambao upande huu wake ni salama kabisa na upande wa pili ni mauti.

Tatizo ni kwamba sumu haitawanyiki sawasawa hata siku moja. Kuvu haioti katika gunia zima kama chumvi inavyoyeyuka katika mchuzi, bali hushika punje hii iliyotobolewa na mdudu, au ile iliyopasuka wakati wa kupukuchuliwa, na kuziacha jirani zake. Punje moja ya mahindi ina uzito wa kiasi cha gramu 0.3, kwa hiyo kilo 3 ni kama punje 10,000. Zimewahi kupatikana punje zenye sumu ya kiwango cha mamia ya maelfu ya mikrogramu kwa kilo. Tuchukue punje ya wastani miongoni mwa mbaya hizo, yenye kiwango cha 100,000. Ndani yake mna mikrogramu 30 za sumu, na ikiangukia katika kilo zile 3 za mahindi safi, zote zikasagwa pamoja, unga wote unakuwa na mikrogramu 10 kwa kilo. Punje moja katika 10,000 inatosha kuufikisha unga kwenye mpaka.

Sasa tumtazame mnunuzi sokoni. Huchukua bambo, kile chuma cha mfereji chenye ncha, akalidunga ubavuni mwa gunia na kukinga kiganja; punje zikamwagika, akaziangalia rangi, akazinusa, akatafuna moja kuusikiliza mlio wake chini ya jino. Kwa kujua kama mahindi ni makavu au mabichi, ya mwaka huu au ya mwaka jana, kiganja hicho kinatosha, na uzoefu wa wazee wa biashara hiyo mimi siudharau hata kidogo. Kwa sumukuvu hakitoshi. Ikiwa bambo limetoa punje 100, na mbaya ni moja katika 10,000, basi bambo litaikosa mara 99 katika 100, na maabara itaandika kwa uaminifu kabisa kwamba haikuona sumu. Ile mara moja litakapoibahatisha, punje hizo 100 zenye uzito wa gramu 30 zitakuwa na mikrogramu 30, yaani kiwango cha 1,000 kwa kilo, mara 100 ya kinachoruhusiwa. Gunia ni lile lile, mashine ni ile ile na mpimaji hakukosea; jibu moja linasema hakuna kitu na la pili linasema choma moto shehena. Hapo ndipo yanapozaliwa mabishano ya mfanyabiashara na mkaguzi, na hapo ndipo watu wanapoanza kunong'ona kuwa kuna mkono wa mtu. Rushwa haihitajiki kuyaeleza majibu mawili yanayopingana. Hesabu peke yake inatosha.

Ndiyo maana katika utafiti wa vipimo vya sumukuvu kosa kubwa kabisa, kwa makubaliano ya wataalamu, liko katika kuchukua sampuli, na mashine za gharama hufuata nyuma sana. Kanuni za Ulaya kwa shehena kubwa ya nafaka hutaka vichoto 100 vya gramu 100 kila kimoja, kutoka juu, katikati, chini na pembeni, mpaka zipatikane kilo 10. Kisha zote zisagwe laini na kuchanganywa vizuri, na hapo ndipo kichukuliwe kidogo cha kupimwa. Kusaga ndiko kunakoivunja ile punje moja mbaya na kuigawa kwa unga wote, ili kijiko chochote kitakachochotwa kiwe na sehemu yake. Maabara inayopokea kiganja cha punje nzima ndani ya mfuko wa plastiki, hata ikiwa na vyombo vya mamilioni, inapima bahati.

Vipimo vyenyewe vinatofautiana kwa bei na kwa ukali. Kipo kijikaratasi kinachofanana na kile cha kupimia mimba: sumu huondolewa katika unga kwa kimiminika, kijikaratasi kikachovywa, na kingamwili zilizopakwa juu yake zikaonesha mstari ndani ya dakika chache. Kinafaa bandarini na ghalani, ambako swali ni kupita au kutopita. Kipo kipimo kingine cha kingamwili kinachofanywa katika visahani vyenye vishimo vingi, ambacho huweza kupima sampuli kadhaa kwa mara moja. Juu yao ipo kromatografia, inayozitenganisha aina za sumu na kuzipima moja moja, na ikiunganishwa na kifaa cha kupimia uzito wa molekuli inaweza kuzitafuta sumukuvu kadhaa, aflatoksini na fumonisini zikiwemo, katika sampuli moja. Taa ya urujuanimno nayo bado inatumika kumulika mahindi, na wauzaji wake huisifu kuliko inavyostahili: mng'ao wa kijani na manjano unaoonekana juu ya punje unatokana na kemikali nyingine ya kuvu hiyo hiyo wala si aflatoksini yenyewe, kwa hiyo punje inaweza kung'aa bila sumu, au kuwa na sumu bila kung'aa.

Kama kukamata ni kugumu kiasi hicho, busara ni kuizuia sumu isitengenezwe, na hapa jografia yetu inatuhusu moja kwa moja. Aspergillus flavus hupenda joto la nyuzi 25 hadi 35, ambalo ni hali yetu ya mwaka mzima, na hupenda punje isiyokauka. Mahindi yakishushwa hadi unyevu wa asilimia 13, na njugu hadi asilimia 7 au 8, kuvu haipati maji ya kuishi. Kwa mkulima wa Kongwa, huko Dodoma kwenye hewa kavu, ukavu ukishapatikana ni rahisi kuutunza. Kwetu punje huendelea kubadilishana unyevu na hewa mpaka zilingane: mahindi ya asilimia 13 yakikaa wazi katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, ambayo ndiyo hewa yetu ya Masika, yatapanda taratibu hadi kiasi cha asilimia 15 au 16. Gunia lililopimwa Bara likapewa cheti halali linaweza kuvuka bahari, likakaa wiki sita juu ya sakafu ya saruji katika ghala lisilopitisha upepo, likaanza kuota kuvu likiwa na cheti chake. Visiwa hivi huagiza sehemu kubwa ya mchele, unga na nafaka zake, na jitihada kama TANIPAC, mradi wa kuzuia sumukuvu ulioziunganisha Bara na Zanzibar katika vita hivi, pamoja na ukaguzi wa Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar, zinabeba kazi mbili: kuuliza mzigo umefikaje, na kuuliza umekaaje baada ya kufika. La pili, kwa maoni yangu, halijazungumzwa vya kutosha.

Mashine ya kupimia unyevu si kila mtu anayo, lakini ipo njia ya chupa na chumvi ambayo mabwana shamba wameifundisha katika nchi nyingi. Chukua chupa ya kioo iliyo kavu kabisa, itie mahindi kiasi cha theluthi, ongeza vijiko viwili vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja, kisha iache kwa dakika 15. Chumvi ikigandama kwenye kuta za chupa, mahindi yamezidi unyevu wa asilimia 15 na hayafai kuwekwa. Ikianguka chini yote, yako chini ya hapo, na siku moja au mbili za jua zinaweza kuyafikisha kwenye 13. Chumvi yetu ya mashambani huko Pemba huwa na majimaji, kwa hiyo lazima ikaangwe kwanza kwenye kikaango kikavu, la sivyo itagandama kwa unyevu wake wenyewe na kuyasingizia mahindi.

Baada ya kukauka, mahali pa kuwekea nafaka huamua mengine yote. Mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa, iliyoanzia katika kazi ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue huko Kameruni mwishoni mwa miaka ya 1980 kwa ajili ya kunde, huwanyima wadudu hewa na huuzuia unyevu wa nje usiingie. Kwa hali ya hewa yetu sifa hii ya pili ina thamani kuliko ya kwanza. Ila mfuko haukaushi: anayefunga mahindi mabichi ndani yake amefunga na maji yake.

Tuna zao moja ambalo halitajwi sana katika mijadala ya mahindi na njugu, nalo ni mbata. Nazi hufuliwa, huvunjwa vipande viwili, maji yakamwagwa, na vipande vikapangwa kwa jua au juu ya moshi wa makumbi na vifuu. Nazi mbichi ina maji kiasi cha nusu ya uzito wake, na mbata haina budi kufika karibu asilimia 6. Safari baina ya nusu na 6 ndiyo yenye hatari, hasa mvua ikiingia katikati na vipande vikakusanywa ndani vikiwa nusu vikavu. Waliochunguza mbata katika nchi za nazi, Ufilipino ikiwa mbele, wameona kwamba rangi ya ukungu huenda sambamba na unyevu: kuvu za vipande vilivyo majimaji si zile za vilivyokaribia kukauka, na ile ya manjano na kijani, Aspergillus flavus, hupenda hapo katikati. Mafuta yakikamuliwa, sumu nyingi hubaki katika mashudu, na usafishaji wa kiwandani huimaliza ile iliyoponyoka. Mafuta yetu ya kupika kwa tui hayapiti njia hii kabisa, kwa kuwa hutokana na nazi iliyokunwa siku ile ile.

Mashudu, hata hivyo, hayatupwi. Hulishwa ng'ombe wa maziwa, na kiasi cha asilimia 1 hadi 3 ya B1 anayokula ng'ombe hutoka katika maziwa ikiwa M1, ndani ya siku moja tu. Akibadilishiwa chakula, maziwa husafika katika siku mbili hadi nne. Kuyachemsha maziwa kunaua vijidudu, lakini M1 haitaathirika.

Shambani kwenyewe ipo njia inayowashangaza wengi wanapoisikia, kwa kuwa ni kupanda kuvu ili kuzuia kuvu. Katika Aspergillus flavus wamo wasio na uwezo wa kutengeneza sumu. Watafiti wa IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, wakishirikiana na wenzao wa Idara ya Kilimo ya Marekani waliwatafuta wa aina hiyo katika kila nchi, wakawabandika juu ya mtama uliouliwa uotaji wake, na mkulima huumwaga shambani kilo 10 kwa hekta, wiki mbili au tatu kabla ya mahindi kutoa maua. Wasio na sumu hutangulia kushika nafasi na wenye sumu hukosa mahali. Dawa hiyo, Aflasafe, ilisajiliwa Tanzania mwaka 2018, na mara nyingi hupunguza aflatoksini kwa zaidi ya asilimia 80, ingawa haigusi fumonisini. Kwa mkulima wa Micheweni anayepanda mahindi yake ina maana. Kwa mlaji wa mjini Unguja faida yake itategemea zaidi imemwagwa kiasi gani Bara.

Viungo navyo vina habari yake. Ulaya imeweka mpaka wa mikrogramu 10 za aflatoksini kwa pilipili, pilipili manga, kungumanga, tangawizi na manjano, na kungumanga za Indonesia zimewahi kuwekewa ukaguzi wa ziada mipakani kwa ajili hiyo. Karafuu haimo katika orodha hiyo. Mafuta yake, yenye eujenoli kwa wingi, huzuia kuvu kuota, jambo lililothibitishwa mara nyingi katika maabara. Isichukuliwe kwamba kutupia karafuu chache katika gunia la mahindi kunatosha: eujenoli inaweza kuizuia kuvu isiote, lakini sumu iliyokwisha kutengenezwa haiiondoi.

Tukirudi kwenye ungo wa yule mama wa Wete, kazi yake ya kuchambua imekuja kupata ushahidi wa kisayansi. Huko Rombo, Kilimanjaro, watafiti walizigawa kaya katika makundi mawili, wakalifundisha moja mambo yasiyo na mashine: kuchambua kwa mkono, kuanika juu ya turubai au jamvi badala ya udongo mtupu, kuzuia wadudu, na kukoboa kabla ya kusaga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yalionesha kwamba aflatoksini na fumonisini zilipungua sana katika mahindi ya kaya hizo na katika chakula cha watoto wao. Sababu inaeleweka kutokana na hesabu ya punje 10,000: sumu ikiwa imejikusanya katika punje chache, na nyingi kati ya hizo zikiwa zimevunjika, zimesinyaa au zimebadilika rangi, jicho na vidole vinaondoa sehemu kubwa ya sumu kwa kutupa sehemu ndogo ya chakula. Kukoboa husaidia kwa namna hiyo hiyo, kwa kuwa sumu nyingi hukaa katika ganda na kiini, na kwa sababu hiyo dona, linalosifiwa kwa lishe yake, linahitaji mahindi mazuri kuliko sembe.

Linabaki suala la kilichotolewa. Pumba za kukoboa na punje mbovu za ungoni zina sumu iliyokusanywa pamoja, ambayo kwa kila kilo ni nyingi kuliko ile iliyokuwamo katika gunia, na mahali pake ni kuchimbiwa mbali au kuchomwa. Kwa kawaida humwagwa uwani, kuku wakazidonoa na vifaranga vya bata wakafuata nyuma.